Hatua Kumi Kutoka Dirishani

Kuna watu wakipewa jina la utani hununa. Huyu alipopewa lake alilivaa kama koti jipya, na hakulivua tena. Mtaa mzima ulimwita Hatua Kumi. Wateja walimwita hivyo, wauza petroli walimwita hivyo, na hata mkewe, siku akiwa amekasirika, alisema wazi kwamba huyo Hatua Kumi wa mitaani, nyumbani hapigi hata hatua moja kurudisha kikombe chake jikoni.

Kazi yake ilikuwa kukodisha jenereta. Si zile kubwa za viwandani. Zake zilikuwa za kubebeka, zenye magurudumu mawili na mikono miwili kama toroli, na zinakunywa petroli au gesi ya mtungini, upendavyo. Alikuwa nazo sita, zote zimefutwa vumbi na kufunikwa turubai katika karakana nyuma ya nyumba yake. Umeme wa mjini ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, na ukiondoka watu walimkumbuka yeye kabla hawajakumbuka mishumaa.

Akija kwako hashushi mashine mlangoni kama anayeshusha gunia la mkaa akaondoka. Kwanza anazunguka nyumba akitazama madirisha. Kisha anasimama chini ya dirisha lililo karibu kabisa, kisigino kikigusa ukuta, anainua kidevu, anaanza kutembea akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Watu wa nyumba hutoka kutazama, na wengine huhesabu naye. Ya kumi ikitua, hapo hapo anapigilia chuma cha waya wa ardhi, na hapo mashine inakaa, mahali pakavu palipo tambarare, bomba la moshi likiipa nyumba kisogo.

Halafu yanaanza masharti, na ole wako ujifanye una haraka. Mtungi wa gesi usimame wima, usilazwe, na ukae upande wa pili wa bomba la moshi. Anatoa kopo lake la povu la sabuni na kipande cha sponji, anapaka kila maungio ya mpira wa gesi, anainama kuangalia kama kuna kiputo kinachovimba. Kikivimba kimoja tu, hawashi. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakusomea kama daktari anayesoma kipimo cha homa. Ukitaka kutoka gesi kwenda petroli, unafunga gesi kwanza, unasubiri mashine ikohoe na kuzima, ndipo unafungua petroli. "Mashine haili kwa mikono miwili," atakwambia. Na ukitaka kuongeza petroli, unazima na kungoja ipoe, kwa sababu mashine ya moto hailishwi. Haondoki mpaka ufanye mwenyewe mara mbili mbele yake, hata kama wewe ni mwalimu mkuu wa shule.

Lakini yote hayo yalikuwa mchuzi tu. Nyama yenyewe ilikuwa zile hatua kumi.

Alizipata ujanani, kwenye machimbo ya kokoto, alipokuwa msaidizi wa mwendesha mitambo. Siku moja mvua ilinyesha asubuhi nzima. Yeye na mwenzake aliyelala naye chumba kimoja wakaivuta jenereta mpaka barazani isilowe. Yeye akaenda zamu. Mwenzake alikuwa ametoka zamu, akaingia kulala, akafunga mlango kwa ajili ya baridi. Saa tisa mchana walipokwenda kumwamsha, hakuamka. Mhandisi wa machimbo hakumgombeza mtu. Alimshika mkono kijana huyu, akamsimamisha chini ya dirisha la kile chumba, akamtembeza hatua kumi kamili hadi kwenye tope. "Hapa," akamwambia. "Ungeiweka hapa, mwenzako angekuwa anakula sasa hivi." Basi. Zaidi ya miaka thelathini ilipita tangu siku hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kuumwa hata kichwa kwa sababu ya mashine iliyowekwa na Hatua Kumi. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, na ndiyo mali yake.

Kati ya watoto wake wanne, ni kitindamimba tu aliyependa vyuma. Binti huyu alisomea ufundi umeme chuoni, akarudi na cheti na mkoba wa koleo. Yeye ndiye aliyefunga ile swichi ya chenjiova kwenye nyumba za wateja, inayoifanya nyumba ipokee umeme wa mjini au wa mashine, kamwe si yote miwili kwa pamoja, usije umeme wa jenereta ukapanda nguzo na kumkuta fundi wa watu juu kule akiamini waya zimelala. Baba mtu alimwongezea yale yasiyo kwenye vitabu: kubadilisha oili kila saa hamsini bila kubembelezwa, kukung'uta chujio la hewa, kumwaga petroli kwenye mashine itakayokaa, na kuwasha kila moja angalau mara moja kwa mwezi hata kama hakuna mteja, kwa sababu mashine isiyofanya kazi huota uvivu kama mtu.

Karibu miaka mitatu nyuma mzee aliteleza kutoka nyuma ya pikapu akipakia mashine, akaangukia nyonga. Alilala wiki tatu, akaamka, akasema amepona. Mdogo wake alikuja kumjulia hali akiwa na mkongojo mzuri wa mti mgumu, uliopakwa vanishi. Hatua Kumi aliutazama ule mkongojo, akamtazama mdogo wake, na hawakusemezana mwaka mzima. Mpaka leo mkongojo huo umetundikwa karakanani, unatumika kushushia turubai.

Baada ya hapo kitindamimba akasema, "Baba, kuweka mashine ni kazi ya akili, endelea nayo wewe. Kwenda kuzichukua ni kazi ya nguvu, niachie mimi." Mzee alifurahi mpaka akawasimulia wenzake kinyozini. Watoto wa siku hizi, alisema, wakikuonea huruma wanakununulia simu. Wake alikuwa amemwondolea mzigo mgongoni, na aliona amezaa.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Asubuhi moja aliweka mashine kwa mwoka mikate. Ukuta, kisigino, kidevu, moja mpaka kumi, wafanyakazi wa tanuri wakihesabu naye na mikono yao myeupe kwa unga. Akamaliza masharti, akaondoka. Akapita duka la vipuri kununua plagi, akakaa kidogo na muuzaji wakilaumu serikali ya mtaa. Alipofungua mfuko wake kutia zile plagi, hakuona kopo la povu. Miaka yote hiyo hajawahi kulisahau. Akageuka kulifuata.

Kopo lilikuwa pale pale alipoliacha, juu ya tofali. Mashine haikuwepo.

Ilikuwa mbali kule kwenye uzio, inanguruma taratibu, waya wake umevutwa mpaka mwisho. Kwenye mchanga palikuwa na mistari miwili ya magurudumu, kutoka alipoiweka yeye mpaka ilipo sasa. Tundu la chuma chake cha ardhi lilikuwa limefukiwa na kukanyagwa vizuri na mtu mwenye adabu.

"Nani ameigusa mashine?" akamuuliza mwoka mikate.

"Si ni binti yako, mzee," mwoka mikate akajibu huku akipanga trei. "Amekwisha pita. Ameizima, ameiacha ipoe, ameiweka sawa kama kawaida."

"Kama kawaida ipi?"

Mwoka mikate akainua macho. Akaona uso uliokuwa mbele yake, akaanza kutafuta ndani ya tanuri kitu ambacho hakikuwemo.

Hatua Kumi hakuuliza mara ya pili. Alisimama kwenye lile tundu lililofukiwa, akatazama umbali wa mpaka kwenye uzio, na joto likampanda usoni kama mtu aliyeambiwa mbele ya wakwe kwamba suruali yake imechanika tangu asubuhi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuwa kinakuita Baba.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akikumbuka. Mama wa saluni aliyecheka kidogo yeye alipohesabu. Mwalimu aliyemwambia, "Mzee, kama wewe hakuna," huku akitazama saa yake. Waya zilizorudi zimenyooka zote wakati yeye aliziacha na mkunjo wa akiba, naye akidhani wateja ndio wanaozivuta ovyo. Kumbe sifa zote zile zilikuwa kilemba cha ukoka, na yeye alikuwa amezunguka nacho mjini akikisawazisha kichwani.

Karakanani alimkuta binti amepiga magoti mbele ya mashine iliyofunguliwa, anasafisha kabureta kwa brashi. Mkewe alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua mchele.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini, Baba?"

"Nimetoka kwa mwoka mikate. Mara ya pili."

Binti akaweka brashi chini. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ili apate muda.

"Kama miaka miwili na nusu," akasema. "Tangu ulipoanza kazi tena baada ya nyonga. Hatua zako zimekuwa fupi, Baba. Unahesabu kumi, lakini si kumi za zamani. Nilipima siku moja kwa tepu. Zilitimia mita nne na ushee."

"Nne."

"Zamani zilikuwa karibu nane."

Mzee akageuka kumtazama mkewe, ili asikie mtu mwingine akishangaa. Vidole vya mkewe vilikuwa vimesimama ndani ya ungo. Jibu alilipata hapo.

"Na wewe," akamwambia.

"Tulikuwa tunakulindia heshima yako, baba watoto."

"Heshima gani hiyo inayolindwa kwa kunifanya zuzu? Mtaa mzima unajua. Mwoka mikate anajua. Ninasimama chini ya madirisha ya watu ninahesabu kama kasuku, wao wanangoja nitoke ili mwenye akili aje."

"Na tungekwambiaje?" Binti naye sauti ilikuwa imeanza kumpanda. "Baba mdogo alikuletea fimbo tu, ukamnunia mwaka mzima. Mimi ningekuletea tepu, si ungenifukuza?"

"Ningekufukuza," akasema mzee. "Halafu ningepima."

Huenda ilikuwa kweli na huenda haikuwa, lakini wenyewe hawakumpa nafasi ya kujua, na hilo ndilo lililomuuma kuliko wateja wote. Mke aliyelala naye kitanda kimoja na mtoto aliyemfundisha kushika spana walikaa wakapanga namna ya kumzunguka, kisha jioni wakamuuliza siku imekwendaje. Naye akawasimulia, na wao wakasikiliza mpaka mwisho.

Akataka kuondoka. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango alipogeuka, na safari hii ilikuwa sauti yake ya kazini.

"Kila nyumba ulirudi?"

"Kila nyumba."

"Bila kukosa hata moja?"

Mzee alikuwa amekwisha kulishusha daftari lake msumarini. Daftari hilo halikuwa na kitu zaidi ya mashine: imewekwa wapi, siku gani, saa ngapi zimebaki oili ibadilishwe. Akalifungua ukurasa wa mwisho.

"Wiki iliyopita ulikuwa na homa," akasema. "Siku nne hukunyanyua kichwa."

"Siku hizo... wewe uliweka mbili," binti akasema. "Ya mwenye bucha nimekwisha kuisogeza."

"Na ya pili?"

Ya pili ilikuwa kwa fundi cherehani, mtaa wa tatu kutoka hapo. Transfoma ya upande ule iliungua, naye alikuwa na sare za shule za kushona, akakodi mashine mwezi mzima. Alitaka itumie gesi, kwa sababu harufu ya petroli huingia kwenye vitambaa. Kila siku ya kazi iliwaka saa sita. Hiyo ilikuwa siku ya nane.

"Nilipopona nilisahau," akasema binti, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Baba, nilisahau. Kesho ningekwenda kubadilisha oili, ningeona."

"Kesho," akasema mzee.

Binti akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Pikapu ilikuwa kwa fundi wa breki tangu asubuhi ile.

"Kimbia," mzee akamwambia. "Watoe nje kwanza, ndipo uzime. Usiningoje."

Akakimbia. Mzee akatoka nyuma yake mpaka barabarani, akamwona anavyokwenda, magoti juu, mkoba wa koleo ukimpiga mgongoni, anapita watu kama waliosimama. Alikuwa hajamwona mwanawe akikimbia tangu alipokuwa shule ya msingi. Akaanza kumfuata, nyonga ikimuuma kila mguu wa kulia ukitua, na njia nzima alikuwa anakiona kile chumba cha machimboni na mlango wake uliofungwa.

Alipofika uani kwa fundi cherehani, mashine ilikuwa kimya. Madirisha yote yalikuwa wazi. Fundi cherehani mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, tepu ya kushonea bado shingoni, na kando yake mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu, ameegemea nguzo amefumba macho. Kifua cha bibi kilikuwa kinapanda na kushuka. Mzee alisimama akakitazama mara nne, mara tano, mpaka akaamini.

"Kichwa tu, baba," akasema fundi cherehani, kama anayeomba radhi. "Wiki nzima kinanigonga. Nikajua ni macho, kwa hizi sare. Nimenunua hata miwani." Akaivua akamwonyesha. "Mama naye anatapika, tukasema ni umri. Ajabu ni kwamba Jumapili, siku nisiyofanya kazi, wote tulishinda wazima."

Hatua Kumi akaenda kuitazama mashine yake. Ilikuwa imekaa kwenye kona, kati ya ukuta wa nyumba na ukuta mrefu wa jirani, bomba la moshi limeelekea mbali na dirisha kama inavyotakiwa. Lakini mbele ya bomba, umbali wa mikono miwili, palikuwa na ule ukuta wa jirani. Moshi ulikuwa unagonga pale, unarudi, unajaa kwenye kona kama maji kwenye beseni, kisha unapanda dirishani. Na kwa kuwa ilikuwa inatumia gesi, moshi wenyewe haukuonekana wala haukunuka, ila sumu ilikuwamo vile vile. Maneno hayo yeye mwenyewe alimwambia kila mteja. Moshi usiouona ndio unaoua. Na kumi za zamani zingempeleka mbele ya ile kona, mpaka kwenye uwazi karibu na geti. Siku ile alihesabu mpaka kumi, akapigilia chuma, wala hakuinua macho. Hapo hakuwa na mtu wa kumlaumu. Miguu ilipunguka yenyewe, lakini macho alikuwa nayo, na hakuyatumia kwa sababu alikuwa na jina.

Akarudi kwenye ngazi.

"Si macho, mwanangu, wala si umri," akasema. "Ni mashine. Inawatilia sumu."

"Kosa ni langu," binti akaingilia haraka. "Nilitakiwa kupita kuisogeza, nikaumwa, nika..."

"Nyamaza." Hakuisema kwa sauti kubwa. "Mimi ndiye niliyeiweka. Nilihesabu kumi, lakini kumi zangu zimekuwa fupi, na sikuangalia ninapoiweka. Nendeni hospitali sasa hivi, wote wawili, mkawaambie mmevuta hewa ya jenereta siku nane. Msikubali kupewa dawa ya kichwa mkarudi."

Fundi cherehani aliirudisha miwani yake usoni. Alikuwa mwanamke mpole, na alichosema alikisema kwa upole.

"Hata mimi siku ile niliona iko karibu," akasema. "Nilitaka kukwambia. Nikasema moyoni, ameiweka Hatua Kumi mwenyewe. Mimi ni nani?"

Teksi ilikuja, wakampakia bibi, wakaondoka.

Walibaki wawili uani. Binti alifunga mtungi, akafungua mpira wa gesi, akang'oa chuma cha ardhi. Kisha akasimama tu na tepu ya chuma mkononi, hajui kama aifungue. Mzee akaichukua. Akaishika ncha kwenye ukuta chini ya dirisha, akamwashiria aivute mpaka kwenye lile tundu. Mita nne na robo. Akasoma mwenyewe, akaiachia ijikunje.

"Unajua ulichonifanyia?" akauliza.

"Nimekuaibisha."

"Aibu nitaizoea. Sikiliza. Kila nyumba niliyoiweka vibaya, tangu nilipotoka mimi mpaka ulipofika wewe, watu walikuwa ndani. Saa nzima, saa mbili. Ungepata pancha? Ungeumwa, kama ulivyoumwa? Miaka miwili na nusu ulikuwa unanihurumia mimi, watu wa watu ukawaacha kwenye bahati. Mimi sikukufundisha hivyo."

Binti alianza kulia. Alilia kama alivyolia utotoni, bila sauti, mabega tu. Baba yake alimwona, na mkono wake ulitaka kwenda begani kwake, na haukwenda. Alimpenda kama siku zote na hakumwamini hata kidogo, na hakujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kifuani mwa mtu mmoja.

"Peleka mashine getini," akasema. "Upime. Halafu uangalie pande zote nne, kabla ya kupigilia."

Akapima, akaangalia, akapigilia. Mzee akapaka povu. Hawakuiwasha, maana mwenyewe hakuwepo. Saa kumi fundi cherehani alipiga simu. Wamewekewa hewa ya mtungi, daktari anataka walale mpaka kesho, lakini bibi ameomba uji na anaulizia nani amefunga nyumba. Mzee akasema amefunga yeye, na funguo anazo.

Wakaanza kurudi nyumbani.

Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka kazini. Walitembea bega kwa bega, mkoba wa koleo katikati yao. Mwenye duka la vipuri akampungia mkono, akaita, "Hatua Kumi," naye akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamepita maduka matatu aliposikia kitu. Alisikiliza kwanza, apate hakika. Ilikuwa ni viatu vya binti yake. Kila mguu wake ulipotua, wa binti ulitua pamoja nao, taratibu, fupi, bila kupitiliza hata unyayo mmoja. Mchana huu huu alimwona anavyokwenda akiwa na haraka. Na huu ndio mwendo aliotembea naye kwenda sokoni, kwenda msibani, kwenda kwa wateja, miaka yote hii, yeye akijisifu kwamba bado anakwenda sawa na vijana.

Akasimama.

"Hata huku mnanipunguzia," akasema.

"Nini, Baba?"

"Tembea mwendo wako."

"Baba, hatuna haraka."

"Tembea."

Alimtazama, akaona hana mzaha. Akautia mkoba begani, akatangulia. Hatua mbili za kwanza zilikuwa bado za uongo, kisha mwili ukakumbuka, miguu ikafunguka. Mzee akahesabu kwa sauti ya chini. Mpaka kwenye kona ya nyumba yao, binti alitumia ishirini na sita. Pale kwenye kona aligeuka, mzee akampungia mkono aendelee, akaendelea.

Ndipo na yeye akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kwenye ile kona hesabu ilikuwa hamsini na moja, na safari hii hakuna aliyempunguzia hata moja.